Dozi ya Ng'ombe kwa Paka wa Kilo Tatu

Barua ya wazi kwa Baraza la Veterinari Tanzania na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Maswa

YAH: DAWA ZA PAKA KATIKA KATA YA IPILILO NA MKOA WA SIMIYU KWA UJUMLA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu kinaweza kumchekesha karani wa masjala atakayeipokea barua hii, na hana kosa. Mafaili ya mifugo ya Simiyu yana ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na kuku. Mbwa huingia humo siku ya chanjo. Paka haingii kabisa, ingawa hakuna kaya yenye kihenge cha mahindi inayopenda kukaa bila yeye.

Ipililo ni kata ya wakulima katika Wilaya ya Maswa. Hulimwa pamba ya kuuza, na mahindi, mtama na viazi vitamu vya kula. Viazi hivyo hukatwa na kuanikwa vikawa michembe ya kuvusha kiangazi. Chakula chote hicho hulala ndani ya kihenge, gunia au mfuko wa kinga njaa. Mfuko wa kinga njaa huzuia hewa na kuwaua dumuzi bila dawa, lakini panya huutoboa usiku mmoja, na ukishatobolewa hauna tofauti na kiroba. Watafiti wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wamekadiria kwamba panya huila Tanzania kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yake. Ulinzi wa bei nafuu kuliko wote dhidi ya hasara hiyo ni mnyama wa kilo tatu anayelipwa vichwa vya dagaa.

Mnyama huyo akiugua, hapelekwi kwa daktari. Afisa mifugo wa kata ana vijiji vyake, josho lake na chanjo zake, na hata akiitwa hubeba mkoba uliopangwa kwa ajili ya ng'ombe. Mwenye paka huenda kwenye kaunta. Ziko kaunta za aina mbili: ya duka la pembejeo na dawa za mifugo, na ya duka la dawa muhimu la binadamu, lile linalofahamika kwa kifupi cha DLDM. Huko hueleza kwamba paka ana upele masikioni, au hali, au anachechemea, kisha hurudi nyumbani na kitu fulani. Barua hii inahusu kitu hicho.

Tuchukue aivamektini ya sindano, dawa inayojulikana na kila mfugaji wa Usukuma. Chupa ya kawaida ni ya asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito wake. Paka wa kilo tatu akipewa kwa kiwango kilekile anastahili mililita 0.06. Bomba la sindano la mililita 5, ambalo ndilo hupatikana kwa wingi dukani, alama yake ya kwanza ni mililita 0.2. Kwa hiyo hata mtu mwangalifu, aliyevuta kiasi kidogo kuliko vyote ambavyo bomba lake linaweza kuonyesha, ameshampa paka zaidi ya mara tatu ya kiwango hicho. Asiye mwangalifu huvuta nusu mililita, maana mnyama ni mdogo na nusu mililita inaonekana ndogo. Paka huanza kuyumba, mboni za macho hutanuka, huenda asione, na akizidiwa hulala usingizi asiweze kuamshwa. Kitoto cha paka huathirika upesi zaidi. Hakuna dawa ya kuitengua; ni kumtunza mpaka imtoke mwilini, na hiyo huchukua siku.

Hapo muuzaji ameuza dawa iliyosajiliwa, isiyokwisha muda, kutoka chupa halali. Kosa limefanyika bila sheria yoyote ya dawa kuvunjwa, na ndiyo maana ukaguzi wa kawaida hauwezi kulikamata.

Kaunta ya pili ina hatari zaidi, kwa sababu dawa zake zimezoeleka mno. Parasetamoli, ambayo karibu kila mtu huiita Panadol hata ikiwa ya kiwanda kingine, humponya mtoto homa. Mama aliyempa mwanawe nusu kidonge jioni, mtoto akaamka akicheza, haoni sababu ya kumnyima paka robo. Lakini ini la paka halina kimeng'enya kinachohitajika kuisafisha dawa hiyo kwa njia ambayo ini la binadamu hutumia. Robo ya kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 125; kwa paka wa kilo tatu ni zaidi ya miligramu 40 kwa kilo, wakati dalili za sumu zimeonekana hata kwa miligramu 10 kwa kilo. Damu hushindwa kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, paka huhema kwa shida, uso na nyayo huvimba, mkojo huwa mweusi. Haya huanza ndani ya saa chache, na mwenye paka husema ugonjwa umezidi, pengine akaongeza robo nyingine.

Wataalamu wa vinasaba wameufuata upungufu huo wakaukuta katika jamii yote ya paka. Jeni inayohusika imeharibika kwa paka wa nyumbani, na imeharibika vilevile kwa simba. Simba wa Serengeti, anayelindwa kwa mabilioni upande wa pili wa mpaka wa mkoa huu, angekufa kwa dawa ileile inayomuua paka wa Ipililo, isipokuwa yeye hakuna anayethubutu kumnywesha.

Dawa nyingine za kutuliza maumivu zina mkasa wake. Aspirini humkaa paka mwilini karibu siku mbili kabla nusu yake haijatoka, hivyo kidonge cha asubuhi na cha jioni hurundikana. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu figo na tumbo. Muuzaji wa DLDM hakufundishwa haya kwa kuwa hakutarajiwa kuulizwa. Anaulizwa.

Kisha kuna ngozi. Paka hujilamba mwili mzima kila siku, na chochote kilichopakwa kwenye manyoya huishia tumboni. Upele wa paka huanza kwenye ncha za masikio ukashuka usoni, na mwenye paka akieleza upele kaunta ya DLDM hupewa BBE, ile losheni ya benzili benzoeti ambayo vizazi vya wanafunzi wa bweni wameogeshwa nayo. Kwa paka hiyo ni sumu. Oili chafu ya gari, ambayo watu huwapaka mbwa wenye ukoko, ni sumu pia. Dawa za kuogeshea ng'ombe za jamii ya pairethroidi, kama saipamethrini, humtetemesha paka na kumtia degedege, na amitrazi humlegeza na kupunguza mapigo ya moyo. Mkulima wa pamba naye ana viuadudu vya shambani ndani ya nyumba tangu msimu wa kupulizia, na jamii ya pairethroidi imo humo. Mabaki ya pampu yakipulizwa kitandani kuua kunguni, au yakamwagiwa paka kuua viroboto, matokeo ni yaleyale. Mbwa wa nyumba hiyohiyo huenda akavumilia dozi inayomuua paka, jambo linalozidi kuwachanganya watu: dawa wanayoijua, iliyomfaa mnyama mmoja, imemuua mwingine.

Si haki kumgeuza muuzaji kuwa mshtakiwa. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 ililipa Baraza kazi ya kusimamia wataalamu wa afya ya wanyama, madaktari na wasaidizi wao. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) husajili dawa zenyewe. Viuatilifu vina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kila mmoja ana lango lake, na paka hupita katikati ya malango yote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 haikumbagua, kwa sababu inawahusu wanyama kwa jumla, lakini sheria haina bomba la mililita moja.

Nchi hii imewahi kutatua tatizo la sura hiihii kwa binadamu. Kabla ya 2003 vijiji vingi vilitegemea maduka ya dawa baridi, ambayo wauzaji wake wengi hawakuwa na mafunzo na waliuza hata walichokatazwa. Mwaka huo, chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), Mkoa wa Ruvuma ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Kufunga maduka kungewaacha watu bila dawa, kwa hiyo wauzaji walifundishwa, wakapewa orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, wakakaguliwa, na ishara ikawekwa mlangoni. Mpango ulisambaa nchi nzima. Waliouanzisha walikubali ukweli ambao watu wa ofisini hupata tabu kuukubali: mgonjwa wa kijijini huanza dukani, awe na ruhusa ama asiwe nayo.

Ombi la kwanza la barua hii limejengwa hapo. Baraza, kwa kushirikiana na TMDA, liandae ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kubandikwa nyuma ya kila kaunta ya dawa za mifugo na ya DLDM. Ukurasa huo uanze na dawa ambazo paka hapewi hata chembe: parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki, BBE, dawa yoyote ya kuogeshea ng'ombe. Ufuate na swali ambalo muuzaji lazima amuulize mteja kabla ya kushika chupa: paka ana kilo ngapi?

Mizani basi. Hakuna mkoa unaoujua ugomvi wa mizani kama Simiyu. Kila msimu wa pamba ukifunguliwa, mkulima husimama kwenye ghala la chama chake cha ushirika (AMCOS) akikodolea macho mshale, na Wakala wa Vipimo hupita kukagua kama umechezewa. Watu hawa hawahitaji kufundishwa kwamba kilo ina maana. Mizani ya kuning'iniza inayotumika kliniki ya watoto humpima paka aliyetiwa kwenye mfuko wa kitambaa, na mizani ya duka la rejareja humpima akiwa ndani ya boksi. Bomba la mililita 1, lile la insulini, lina alama za sehemu ya mia ya mililita, na bei yake haimshindi mteja wa duka la pembejeo. Halmashauri ikiwataka wenye maduka wawe na mizani moja na mabomba hayo kabla ya kuhuisha leseni, nusu ya hatari iliyoelezwa hapo juu itakuwa imepungua bila kuajiri mtu.

Huenda ofisa fulani ataona ni anasa kuhesabu dozi ya mnyama mdogo kiasi hicho. Mfano upo Morogoro. Katika viwanja vya SUA, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu 2000, na baadaye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapo na kwenda kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 na PDSA, taasisi ya Uingereza inayotibu wanyama wa watu wasio na uwezo. Magawa alikuwa na kilo 1.2, chini ya nusu ya paka wetu. Mtanzania wa jamii ya panya amevishwa nishani na madaktari wa wanyama, na anayewakamata panya Maswa anapigwa sindano kwa kukisia. Jambo hilo lina ucheshi wake, ila mwenye ghala hacheki sana.

Ukurasa wa kaunta usiwe wa makatazo matupu, kwa sababu mteja aliyenyimwa dawa huenda duka linalofuata. Zipo dawa zinazomfaa paka na ambazo tayari zimo mkoani. Prazikwanteli, inayogawiwa shuleni Kanda ya Ziwa dhidi ya kichocho, huua minyoo tegu ya paka. Kiwango chake cha kawaida ni miligramu 5 kwa kilo, kwa hiyo paka wa kilo tatu anahitaji miligramu 15 tu, na kidonge cha shuleni kina 600. Hapo tena inahitajika fomu ndogo ya dawa, au mtaalamu wa kuigawa. Kisu cha jikoni hakigawi kidonge mara arobaini. Salfa iliyochanganywa na chokaa hutibu upele wa paka, hunuka kama yai viza, na haimdhuru ikipimwa sawasawa. Doksisaiklini hutumika kwa mafua ya paka, lakini kidonge chake kikikwama kooni huchoma umio na kuacha kovu linalomzuia kumeza; dawa ni kufuatisha maji au kijiko cha mchuzi wa samaki. Maelezo ya mstari mmoja kama huo wa mchuzi huokoa kuliko semina, na muuzaji akiambiwa mara moja hasahau. Enrofloksasini nayo imo madukani kwa ajili ya kuku na ndama, na ile ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita. Kwa paka haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Ikizidishwa huharibu retina, na paka aliyepofuka kwa dawa hiyo mara nyingi haoni tena.

Sumu ya panya ndiyo huchanganya kila kitu. Kaya yenye paka hununua pia sumu, kwa sababu panya ni wengi, na paka hula panya aliyelewa sumu maana ndiye mwepesi kukamatwa. Zile zinazozuia damu kuganda zina dawa yake, vitamini K1, mradi ijulikane mapema kilicholiwa. Zinki fosfaidi haina. Kwa hiyo muuzaji anayefungua pakiti na kuuza sumu kwenye kijikaratasi kisicho na jina amemwondolea daktari njia pekee ya kujua atibu nini, na hapo TPHPA ina neno la kusema. Methali inasema paka akiondoka panya hutawala. Sumu isiyo na jina hufanikisha yote mawili kwa mkupuo, maana panya huzaa upesi kuliko paka anavyopatikana mwingine.

Limebaki suala la kichaa cha mbwa, ambalo lingetosha barua yake. Simiyu inapakana na Serengeti, na Serengeti iliufundisha ulimwengu jambo kuhusu chanjo. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa mbwa uitwao distempa viliingia kwa simba, na karibu theluthi ya simba wa Serengeti wakafa. Mbwa wa vijijini walitajwa kuwa chanzo kinachoelekea. Kuanzia 2003 mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa, na chanjo ya kichaa ikaenda pamoja na hiyo ya distempa. Pemba nako uchanjaji wa mbwa uliofululiza uliukata ugonjwa wa kichaa; uchanjaji ulipolegea ugonjwa ukarudi, na ulipoanzishwa upya ugonjwa ukakatwa tena. Maarifa yapo, na ni ya hapa nyumbani.

Paka si chanzo kinachouendeleza ugonjwa huo vijijini, mbwa ndiye. Lakini paka aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huupata, na anapoupata huwa amelala na watoto. Hujificha, kisha hurukia mkono au uso bila kuchokozwa. Chanjo ya mbwa humkinga paka pia, huanza akiwa na miezi mitatu, na wachanjaji wengi wakiletewa paka hawamkatai. Tatizo ni kwamba haletwi, kwa kuwa gari la matangazo huita mbwa, na paka hafungwi kamba akaburutwa hadi uwanja wa shule. Halmashauri ikitangaza "mbwa na paka", na kuwaambia watu wawalete ndani ya viroba vyenye matundu, idadi itabadilika msimu huohuo. Mtu aliyeng'atwa au kuparuzwa na paka wa aina hiyo aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali kwa chanjo siku hiyohiyo. Tangazo hilo nalo likae kwenye kaunta ileile.

Litaulizwa swali la fedha. Ng'ombe wanakufa kwa ukame na ndigana, mashamba yanaliwa na viwavi, na halmashauri ina madai ya watumishi. Nani atenge bajeti ya paka? Swali ni la haki, na barua hii haiombi kliniki ya paka Ipililo, wala gari, wala daktari mpya. Inaomba karatasi, mizani, bomba dogo, maneno mawili kwenye tangazo la chanjo, na namba ya simu ya daktari wa mifugo wa wilaya iandikwe chini ya karatasi hiyo ili muuzaji aliyekwama apate wa kumuuliza. Kuhasi ni jambo linaloweza kusubiri, ingawa wenye paka wanaoua vitoto kwa kuvitosa mtoni wangelipokea.

Mahali pa kuanzia papo. Viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilivyobeba Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, bado huwakusanya wafugaji wa kanda hii kila Agosti. Meza moja yenye mizani, mabomba ya mililita 1 na rasimu ya ukurasa huo itawapatia wauzaji wa dawa mafunzo ya asubuhi moja, na italipatia Baraza orodha ya makosa ambayo hayamo katika vitabu vyake. Rasimu ikirekebishwa baada ya hapo, inaweza kuwa ukutani ifikapo Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Ipililo ikiwa kata ya majaribio.

Mwenye maduka atakayetaka kuanza kabla ya kibali hazuiwi na mtu kununua mizani.

Nakala:
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ofisi ya kanda
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA)
Baraza la Famasi
Ofisi ya Mtendaji wa Kata, Ipililo: ibandikwe kwenye ubao wa matangazo